Ndege ndogo kwa kazi na familia: ununue, uingie ubia, ukodi, au ukate tiketi?

Wafanyabiashara wengi wanaonifuata kuhusu ndege ndogo huja na jina la ndege tayari. Mmoja ameona Cessna 182 inauzwa Nairobi. Mwingine alipewa lifti ya Pilatus na rafiki yake, na tangu siku hiyo hana raha na gari. Mimi huwauliza swali moja kwanza: katika safari zako za mwaka jana, ngapi zingeweza kusogezwa mpaka kesho yake bila mtu kupoteza kitu? Ndege ndogo ni chombo cha mtu anayeweza kusema "leo siendi" na biashara yake ikabaki salama. Mwenye zabuni inayofunguliwa Dodoma saa nne kamili asubuhi hawezi kulisema neno hilo. Mwenye shamba la miti Mufindi anaweza, kwa sababu miti itamsubiri mpaka mawingu yaondoke.

Ninarusha ndege ndogo kwa leseni ya rubani binafsi nikitokea Dar es Salaam. Nilianza kwa kukodi kwa saa, kisha nikaingia ubia. Hapa nazilinganisha njia nne ambazo mtu wa kawaida mwenye uwezo huzifikiria: kununua peke yake, kununua na wenzake, kukodi ndege pamoja na rubani wake, yaani chata, na kupanda ndege ndogo za ratiba. Lakini siwezi kuzilinganisha bila kuweka gari, treni na boti kando yake, maana hao ndio washindani wenyewe.

Kwanza angalia unakwenda wapi

Tuanze na Zanzibar, kwa sababu kila mtu huitaja. Dar hadi Unguja kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 70, dakika 20 au 25 angani. Sasa hesabu kutoka mlangoni mwa ofisi. Kuna foleni ya Barabara ya Nyerere hadi uwanjani, kuna kuikagua ndege kwa nusu saa, kuwasilisha mpango wa safari, na kusubiri zamu yako nyuma ya ndege kubwa zinazopaa. Ukitua, bado una teksi ya kukufikisha mjini. Boti ya kasi inaondoka katikati ya jiji na baada ya saa mbili hivi inakushusha Malindi, hatua chache kutoka Mji Mkongwe. Kwa mtu mwenye ofisi Posta au Kariakoo, boti inashinda, na inashinda kwa bei pia.

Dodoma ilikuwa hoja nzuri ya kumiliki ndege mpaka treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi kule, Julai 2024. Treni inachukua kama saa nne, haiogopi wingu, inatembea usiku, na unaweza kusoma nyaraka zako njiani. Kwa ndege kama Cessna 182 ungekaa angani saa moja na nusu, na ukijumlisha pilika za viwanja viwili unabakiwa na faida ya saa moja hivi. Saa hiyo moja hailipi gharama yake. Wakenya waliliona jambo hilo mapema zaidi, treni yao ya Nairobi hadi Mombasa ilipoanza mwaka 2017.

Mafia ni habari nyingine kabisa. Kwa nchi kavu unateremka hadi Nyamisati, halafu unasubiri chombo cha kukuvusha. Bahari ikichafuka wakati wa kusi, siku nzima imekwenda. Kwa ndege, Dar hadi Kilindoni ni kilomita 130 hivi, dakika 40 hata kwa ndege ya polepole. Uzuri wa njia hii ni kwamba huna haja ya kukata bahari kuu. Unafuata pwani mpaka delta ya Rufiji, kisha unavuka mkondo ambao upana wake ni kama kilomita 20. Cessna 172 iliyozimika injini huteleza karibu kilomita tisa kwa kila kilomita moja ya kimo. Ukivuka ukiwa futi 5,000, yaani kilomita moja na nusu juu, huwi mbali na nchi kavu kuliko unavyoweza kuteleza, ukitoka upande huu au upande ule. Upande wa Rufiji ni mikoko na matope, si mahali mtu angechagua kutua, kwa hiyo majaketi ya kuokolea huvaliwa kabla ya kuwasha injini. Hayahifadhiwi nyuma ya kiti.

Iringa na Mufindi zinasimama katikati. Kwa barabara, Dar hadi Iringa ni kilomita 500 hivi, nyuma ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na mlima Kitonga mwishoni. Watu huhesabu saa nane, tisa. Kwa ndege ni kilomita 390. Cessna 172 itatumia chini kidogo ya saa mbili, 182 saa moja na nusu. Hapo mtu anaweza kwenda shambani asubuhi na kula chakula cha usiku nyumbani, jambo lisilowezekana kwa gari. Lakini nyanda zile zina tabia yake. Asubuhi mawingu hulala juu ya milima ya Udzungwa kama blanketi, na ukipiga simu Iringa wanakwambia jua linawaka. Jua la Iringa halikusaidii kama mlima ulio njiani umefunikwa.

Arusha sina maneno mengi. Ndege za ratiba zipo kila siku, zina kasi kuliko yako, na zinatua na mvua. Yako inapata maana pale tu unapoendelea mbele ya Arusha, kwenye viwanja vya changarawe. Kenya mantiki ni ileile. Kutoka Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, kwenda Nanyuki au Lamu ndege ndogo ina hoja, hasa Lamu, ambako barabara inazunguka sana na ndege inanyoosha kilomita 470 hivi.

Jua likizama, biashara imekwisha

Viwanja vingi vidogo vya Afrika Mashariki havina taa. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro jioni, na giza huja haraka. Mtu akiniambia mkutano wake wa Iringa unaisha saa kumi na moja jioni, najua tayari amelala Iringa. Na mchana wenyewe hauna uhuru wote: msimu wa mvua, mawingu ya radi huanza kujijenga adhuhuri. Kwa hiyo siku ya kazi ya ndege ndogo huanza alfajiri, na mwenye ndege anayejiheshimu huwa ameanza kurudi saa nane au saa tisa mchana.

Hili linawagawa watu makundi mawili waziwazi. Mkaguzi wa mashamba, mwenye hoteli Mafia, daktari anayekwenda kliniki ya kijijini mara moja kwa wiki, hao ratiba ni yao. Wakili mwenye kesi na mkandarasi anayeitwa wizarani ratiba ni ya mwingine. Kundi la pili linunue tiketi. Nasema hivi kwa moyo wote kwa sababu nimeona shinikizo la miadi linavyomfanya mtu mwenye akili timamu aangalie wingu jeusi na kusema "litapita".

Ndege yenyewe: hesabu ya kilo

Cessna 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Ina viti vinne, na hapo ndipo watu hupotea. Toleo la 172S lina ruhusa ya kupaa na uzito wa kilo 1,157, na ukitoa uzito wa ndege tupu unabakiwa na kama kilo 400 za watu, mizigo na mafuta. Matangi yakijaa ni lita 200, karibu kilo 145. Zilizobaki ni watu wazima watatu wenye mikoba ya mkononi. Kiti cha nne kipo, lakini mara nyingi kinakaa tupu au kinakaa mtoto.

Cessna 182 ina injini ya nguvu za farasi 230, inakwenda kilomita 260 hivi kwa saa na kunywa lita 50 kwa saa, wakati 172 inakwenda 210 au 220 kwa lita 32 hadi 35. Tuchukue safari ya Dar, Iringa na kurudi bila kujaza mafuta njiani, maana huko huwezi kutegemea kuyapata. Kwa 172 unahitaji kama lita 160 pamoja na akiba, na ndani watakaa watatu na mizigo yao. Kwa 182 unahitaji lita 220 hivi, na ndani watakaa wanne wenye mizigo. Kwangu hiyo tofauti ya mtu mmoja ndiyo inayofanya 182 iitwe ndege ya familia, na 172 ndege ya watu wawili wanaokwenda mbali au wa kujifunzia.

Cessna 206 ni pikapu. Ina viti sita, injini ya farasi 300, na mlango mpana nyuma unaoingiza magunia, pampu ya maji au kreti za vifaranga. Kwa mwenye shamba au kambi ya watalii, sijaona ndege ya injini moja ya petroli inayofanya kazi nyingi kama hii. Lakini viti sita vikijaa watu wazima, mafuta lazima yapungue, na safari iwe fupi.

Wengine watakuonyesha Cirrus SR22. Ni ya kasi, karibu kilomita 320 kwa saa, na ina parashuti la ndege nzima, ambalo limeokoa watu wengi. Kwa anayetoka lami kwenda lami ni chombo kizuri sana. Magurudumu yake madogo na bawa lililo chini, karibu na ardhi, havipendi changarawe na vichaka. Ukiniuliza kwa Mafia na Mombasa nitasema sawa. Kwa kiwanja cha nyasi cha shambani nitarudi kwenye Cessna, bawa juu ya kichwa.

Kisha kuna Caravan na Pilatus PC-12, ambazo injini zake ni za tabaini, yaani jamii ya injini za jeti inayozungusha propela. Caravan hubeba watu tisa hadi kumi na zaidi na mizigo, na ndiyo unayoiona kila kiwanja cha hifadhi. PC-12 ni ya kasi zaidi ya kilomita 500 kwa saa, kabini yake inajazwa hewa ya kawaida hata juu ya mawingu, na bado inatua kwenye changarawe. Madaktari wa shirika la afya la AMREF pale Wilson wanaitumia kuchukulia wagonjwa. Ndizo ndege ambazo zingelijibu lile swali langu la "leo siendi" kwa sehemu kubwa, kwa sababu zinapita juu ya mengi yanayonizuia mimi. Bei yake mpya inahesabiwa kwa mamilioni ya dola, na zinahitaji rubani wa kuajiriwa. Kwa mtu binafsi, hizo zikodiwe.

Jambo moja zaidi kabla hatujaiacha ndege: kimo na joto. Uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Saa saba mchana, joto likiwa nyuzi 25, hewa ya pale ni nyepesi kama ya futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Ndege uliyoijaribu Dar ukaipenda, ikiwa na watu walewale, Iringa au Nairobi adhuhuri ni ndege nyingine. Muombe muuzaji muijaribu hukohuko juu, na mzigo wako halisi ndani.

Mafuta ya rangi ya buluu

Ndege nyingi za injini ya pistoni hutumia avgasi, petroli maalumu yenye rangi ya buluu. Dar na Wilson inapatikana. Ukitoka kwenye vituo vikubwa, usiipangie safari kabla hujapiga simu na kuhakikishiwa kuwa pipa lipo na limefungwa vizuri. Jet A-1, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa, inapatikana viwanja vingi zaidi kwa sababu ndege za ratiba zinaitumia. Hii ndiyo hoja kubwa ya injini za dizeli za ndege, kama zile za Diamond DA40 na DA42, zinazokunywa Jet A-1 na kwa kiasi kidogo. Kasoro yake ni mafundi. Cessna ya zamani utampata fundi anayeijua kila mji wenye ndege, ilhali injini ya dizeli inahitaji karakana iliyoidhinishwa na vipuri vya kuagizwa.

Na ukiwa na ndege ya avgasi, simama wewe mwenyewe kwenye pampu. Kujaziwa Jet A-1 kwa makosa ni ajali inayotokea dunia nzima, na injini huzima muda mfupi baada ya kupaa, mahali pabaya kuliko pote.

Pesa: yote yako, au theluthi yako

Bei ya kununua ndiyo sehemu rahisi. Cessna 172 mpya leo inapita dola 400,000, na za miaka ya 1970 na 1980 huuzwa kwa sehemu ndogo ya hizo. Kinachoumiza ni gharama zisizojali kama umeruka au hukuruka: bima, hanga (banda la ndege), ukaguzi wa kila mwaka, tozo za usajili na za viwanja. Tuchukue namba ya mfano ya kufanyia hesabu tu, dola 24,000 kwa mwaka. Ukiruka saa 40, kila saa imekwisha kula dola 600 kabla hujatia tone la mafuta. Ukiruka saa 150, ni dola 160. Mkiwa watatu na kila mmoja akaruka saa zake 40, ni dola 200. Weka namba zako halisi na utapata mstari wako.

Mstari wangu mimi ni huu: chini ya saa 50 kwa mwaka, kumiliki peke yako ni kulipia ndege ikae. Na ndege ikikaa inaharibika, hasa pwani. Chumvi ya Dar, Zanzibar na Mombasa hula alumini na hula chuma. Kwenye injini za Lycoming, ambazo ziko kwenye nyingi ya Cessna mpya, kemshafti, mhimili unaofungua vali za injini, iko juu, na mafuta ya kulainisha huteremka yote injini isipowashwa kwa wiki kadhaa. Kutu inaanza kimyakimya, na fundi anakuja kuiona baada ya vipande vya chuma kuonekana kwenye chujio. Injini hizo zinapendekezwa kufanyiwa ukarabati mkubwa baada ya saa 2,000 au miaka 12. Mwenye kuruka kidogo hufikiwa na miaka kabla ya saa, na bili ya ukarabati ni makumi ya maelfu ya dola vilevile. Kwa hiyo ukikagua ndege ya kununua, usifurahie kwamba imeruka saa chache. Uliza ilikaa wapi, na ilikaa muda gani bila kuwashwa. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, afungue na asome vitabu vya kumbukumbu vyote tangu ndege ilipotoka kiwandani.

Ubia ndio ninaoupendelea, na ndio unaovunja urafiki usipoandikwa. Mafuta hayagombanishi watu, maana kila mmoja anajaza alichotumia. Ugomvi uko kwenye Idi, Pasaka na wiki ya Krismasi, wakati wote wanataka Mafia siku moja. Uko pale mmoja anapopinda propela kwenye changarawe na bima inadai sehemu ya kwanza mlipe wenyewe. Uko pale mmoja anapotaka kutoka na wenzake hawana fedha za kumnunua. Sisi tuko watatu, tuliandika mkataba kabla ya kulipa, na sikukuu tunapokezana kwa mzunguko wa miaka mitatu. Kila saa ya kuruka inachangia mfuko wa injini, na fedha hizo haziguswi na mtu. Zaidi ya wabia wanne sishauri, kwani ratiba inaanza kuwa na miadi ambayo huwezi kuisogeza, na tumekwisha ona hapo juu inampeleka mtu wapi.

Chata inaonekana ghali kwa sababu unaona bei yote kwa mara moja. Unalipia ndege kwenda na kurudi hata kama inarudi tupu, na rubani akilala huko unalipia kulala kwake. Lakini ukiwa na watu wanane wanaokwenda kukagua mradi, gawanya kwa nane kisha linganisha na magari matatu, madereva, posho za siku mbili na hoteli. Mara kadhaa nimewafanyia watu hesabu hiyo na Caravan ya kukodi ikatoka chini. Angalia jambo moja tu: anayekubeba kwa malipo lazima awe na cheti cha kuendesha biashara ya usafiri wa anga kutoka mamlaka ya nchi, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya. Leseni ya rubani binafsi haimruhusu mtu kuchukua nauli. Jamaa mwenye ndege anayekwambia "nipe kidogo nikupeleke" anakuweka nje ya sheria, na siku ya ajali bima itawaacha nyote.

Ndege ndogo za ratiba ndizo watu wetu husahau kuzifikiria, wakidhani ni za watalii. Zinagusa viwanja vingi vya mbuga na visiwa. Mzigo huwa kilo 15 kwenye begi laini, na ndege inaweza kutua mara mbili njiani kabla ya kwako. Kwa msafiri mmoja au wawili, hakuna njia nyingine katika hizi nne inayozikaribia kwa bei.

Nani ashike usukani

Leseni ya rubani binafsi inahitaji angalau saa 40 za mafunzo, ingawa wengi huzipita, pamoja na cheti cha afya cha daraja la pili na umri wa miaka 17. Hiyo ni ruhusa ya kuruka ukiiona ardhi. Kuruka ndani ya mawingu kunataka mafunzo mengine, na tofauti hiyo si ya karatasi tu. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo hayo kwa kuwanyima kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Chini ya dakika tatu. Kila ninapoona wingu la Udzungwa nahesabu sekunde hizo, kisha nageuka.

Nchini Marekani, ambako takwimu za ndege binafsi zinatunzwa vizuri, ajali zenye vifo zimekuwa zikizunguka moja kwa kila saa 100,000 za kuruka. Ndege za ratiba za abiria ziko salama mara nyingi zaidi ya hapo. Usikubali kuambiwa ndege ndogo ni salama kuliko gari. Habari njema ni kwamba sababu nyingi ziko mikononi mwa rubani: kuingia wingu, kuishiwa mafuta, kuzidisha mzigo, kuruka chini bila sababu. Si zote, lakini. Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake kwa ndege ndogo ya Dornier iliyopakwa milia ya punda milia, alikufa baada ya kugongana na tumbusi. Adhuhuri, hewa ya moto inapopanda, tumbusi wako pale unapopita wewe.

Hoja kubwa ya kuajiri rubani mwenye leseni ya biashara, hata kama wewe mwenyewe unajua kurusha, ni akili yako baada ya kazi. Mara moja nilipaa Iringa nikitoka kwenye kikao kigumu cha bei ya mbao. Baada ya dakika 20 niligundua vilango vya kupozea injini viko wazi bado, nami nimekuwa nikibishana kichwani na mtu aliyebaki ardhini. Hakikuharibika kitu. Lakini kilichosahaulika kingeweza kuwa kingine. Tangu siku hiyo, kikao kikiwa na fedha nyingi au maneno makali, nakaa kiti cha kulia na mtu mwingine anarusha, au nalala huko nirudi alfajiri.

Mpango wangu kwa sasa

Ndege yetu ya ubia ni 182, na inakwenda Iringa na Mafia. Dodoma napanda treni. Zanzibar boti. Arusha nakata tiketi. Mwaka jana nilizifuta safari nyingi kwa hali ya hewa, hasa kati ya Machi na Mei, na hakuna mteja aliyenikimbia kwa sababu hiyo, maana nimejifunza kutoahidi saa, naahidi siku mbili mbili.

Mama yangu anapotaka kwenda kumwona dada yake Mafia, tunampandisha Caravan. Kuingia 182 unakanyaga kidaraja chembamba, unainama chini ya bawa na kujivuta ndani, na goti lake la kushoto halikubali tena. Caravan ina ngazi yenye vishikio mlangoni nyuma, marubani humshika mkono, naye hukaa dirishani upande wa kulia ili aione delta ya Rufiji wakati wa kwenda.